Kumcheza Kinjeketile Iringa na Njombe

Msimu huu kikundi chetu cha hapa Iringa kimenikabidhi nafasi mbili zisizofanana: Mzee Mitomingi katika "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe" ya Edwin Semzaba, na Kinjeketile katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani.

Mitomingi sitamzungumzia sana. Wanafunzi wa sekondari humsoma darasani na humfahamu kabla hajaingia jukwaani, kwa hiyo anapozichoma karatasi za sensa za yule afisa aliyemtorosha binti yake, bwalo zima hulipuka kwa vifijo. Kazi yangu hapo ni kuichelewesha hasira, ili isitangulie moto.

Kinjeketile ndiye anayenikosesha usingizi. Waigizaji wengi humcheza kama nabii tangu anapotoka mtoni Rufiji mpaka mwisho: sauti kubwa, macho makali, mikono iliyoinuliwa. Nadhani kufanya hivyo ni kumdhulumu. Akiwa amepandwa na pepo, anawatangazia watu kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, na fahamu zinapomrudia, akaambiwa alichosema, yeye ndiye wa kwanza kushtuka, kwa sababu anatambua kwamba kumwondoa Mjerumani ili kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar si uhuru. Kuanzia hapo namcheza kama mtu mwenye shaka, anayejiuliza ni nani aliyetumia kinywa chake, huku watu wakiwa tayari wamelichukua neno lake na kwenda nalo mbali asikotaka lifike. Anawasihi wasubiri makabila yaungane na watu wafunzwe vita kwanza, lakini maji ya dawa, yanayoaminiwa kuwakinga na risasi, yamekwisha kuwapa imani ambayo yeye mwenyewe hana.

Maombi hayo ya kusubiri wenzao hayasikiki sawa kila mahali katika nyanda hizi. Njombe, ambako Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi mwezi Septemba 1905, hadhira iliyapokea kwa minong'ono na wazee wa mbele wakatikisa vichwa. Hapa Iringa ukumbi ulinyamaza. Wahehe walikuwa wamewashinda Wajerumani kule Lugalo mwaka 1891, wakaipoteza ngome ya Kalenga mwaka 1894, na Vita vya Majimaji vilipozuka hawakujiunga. Baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani. Mwigizaji anayesema mbele ya wajukuu wa watu hao kwamba makabila yote yaungane hana budi kuyatamka maneno hayo bila kumnyooshea mtu kidole, maana watu waliokwisha kuvunjwa na vita vya miaka mingi walikuwa na sababu zao. Niliyasema taratibu, nikimtazama Kitunda, kiongozi wa wapiganaji katika tamthiliya, peke yake, na bado naamini huo ulikuwa uamuzi sahihi.

Onyesho la mwisho limeleta mjadala kati yangu na mwongozaji wetu. Kinjeketile amekamatwa, amepigwa, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa. Mwongozaji alitaka nikatae kwa kelele. Mimi nilimwomba aniachie nikatae kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwa kuwa mhusika huyu hatetei maji, anatetea lile jambo ambalo watu walilifia, na akikubali kusema walidanganywa, watoto watakaozaliwa watalirithi neno hilo la aibu badala ya lile la kupigania ardhi yao. Sauti ya chini ina hatari yake katika mabwalo yetu yasiyo na vipaza sauti, tena katika baridi ya Julai inayokaza koo. Tumekubaliana kwamba tutakapokwenda Mbeya, askari watanisogeza mpaka ukingoni mwa jukwaa kabla ya jibu hilo, ili hata waliokaa nyuma walisikie bila mimi kupaza sauti.