Kunduchi, Maji Yakijaa

Rafiki aliyenishauri nianzie Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, katika kutazama ndege alinipa sharti moja: nipange safari kwa jedwali la maji. Ndege wa pwani maisha yao ni kupwa na kujaa. Bahari ikipwa hutawanyika kwenye matope kutafuta chakula, mbali kiasi cha kuonekana kama nukta, na ikijaa hurudishwa kidogo kidogo hadi kwenye mikoko na mashamba ya chumvi, ambako husimama wamesongamana wakisubiri maji yashuke tena. Mtu anayetaka kuwaona kwa karibu huwahi kabla maji hayajajaa kabisa. Kwa hiyo, Jumamosi moja ya Novemba, nilipanda daladala la Tegeta pale Mwenge kungali giza, nikashuka Mtongani na kuchukua bajaji hadi pwani.

Begani nilikuwa na darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za milimita 42. Wauzaji hupenda kusifu zinazokuza zaidi, lakini mkono wa binadamu hutetemeka, na kila mtetemo hukuzwa pamoja na ndege. Mfukoni nilikuwa na daftari la orodha ya maisha, ambamo kila aina ya ndege huandikwa mara moja tu, siku mtu anapomwona kwa mara ya kwanza, pamoja na tarehe na mahali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwishajaa ndege wa mtaani kwetu, na aliyeutangulia ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, ambaye asili yake ni India na ambaye aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka. Wapo watakaosema mharibifu huyo wa viota vya wenzake hastahili kuhesabiwa. Mimi naona anastahili, kwa sababu anaishi na kuzaliana mwenyewe bila kufugwa na mtu, na isitoshe, ni ndege gani mwingine anayemsaidia mkazi wa Dar es Salaam kujizoeza kulenga darubini kila asubuhi?

Karibu na mitumbwi nilimkuta mvuvi mzee akishona wavu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unatafuta nani na hayo madude ya macho?”

Nilipomweleza, alinyoosha kidole kuelekea mkondo wa maji. “Hao huja na kaskazi. Kusi ikishika, huwaoni tena, labda mmoja mmoja.”

Ndivyo ilivyo. Wengi wa wageni hao huzaliana kaskazini kabisa ya dunia, baadhi yao Siberia, wakati wa kiangazi kifupi cha huko, kisha baridi inapokaribia husafiri maelfu ya kilomita kuja kula kwenye matope yetu, na kuanzia Machi na Aprili huondoka tena. Sululu nilimtambua upesi kwa mdomo wake mrefu uliopinda kuelekea chini, nikamwandika bila wasiwasi.

Aliyenichukua muda mrefu zaidi ni mla kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na mdomo mnene mweusi usiofanana na wa ndege yeyote aliyesimama karibu naye. Alikimbia hatua chache, akasimama ghafla, akachomoa kaa kwenye tope na kumtikisa hadi miguu ikaanza kukatika. Nyuma yake alifuata mwingine mwenye mgongo wa kijivu, ameinamisha kichwa na kulialia, hadi akapewa kipande. Huyo alikuwa kinda wa mwaka huo. Ndege hawa hutaga yai moja ndani ya shimo wanalochimba mchangani, kwenye fukwe na visiwa vya upande wa Uarabuni na Pembe ya Afrika, na wazazi huendelea kumlisha mtoto wao hata baada ya kufika huku kwetu akiwa anaruka mwenyewe.

Kwenye mashamba ya chumvi palikuwa na kundi la vitwitwi wadogo wa kijivu, ambao aina zake mbili hutofautiana hasa kwa ukubwa wa mdomo na urefu wa miguu. Jua lilikuwa limekwishapanda, mvuke ukicheza juu ya maji, nami sikuweza kupima mdomo wa yeyote kwa uhakika. Sikuwaandika. Orodha hii haina mkaguzi, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yake ilipo.

Mmarekani Phoebe Snetsinger, aliyeambiwa mwaka 1981 kwamba ana saratani, aliendelea kusafiri hadi orodha yake ikapita aina 8,000, akafariki katika ajali ya gari nchini Madagaska mwaka 1999. Sina azma ya namna hiyo. Nauli pekee ingenishinda. Msitu wa Pugu, hata hivyo, uko ndani ya uwezo wangu, na rafiki yangu amekwishanionya kwamba huko darubini husaidia kidogo, maana ndege wa msituni husikika kabla ya kuonekana, kwa hiyo wiki hii ninajifunza sauti zao kwanza.