Miaka kumi ya mdogo wangu

Hii ilikuwa 2018, Morogoro, semina ya siku tano ya mambo ya HTA, yaani kupiga hesabu kama dawa au kipimo kinastahili hela ya serikali kabla hakijaingizwa kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Enzi hizo kamati ya wizara bado changa, sisi wafamasia wa mikoani ukitutajia HTA tunadhani kodi mpya, na siwadanganyi, mimi nilifuata posho.

Siku ya tatu zoezi likawa haidroksiyurea, ile dawa ya sikoseli. Mwezeshaji akaanza kwa kutukumbusha kwamba hapa Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 kwa mwaka wenye ugonjwa huu, halafu akatufundisha kupima ubora wa maisha: unamuuliza mtu, umebakiza miaka kumi ya kuishi hivi unavyoumwa, utatoa mingapi ili inayobaki uiishi mzima kabisa? Akitoa minne, maisha yake yana alama 0.6, mzima kabisa ni 1. Akagusia na Uingereza, kwamba wana chombo chao cha hesabu hizi, NICE, tangu 1999, na wakati huo dawa ikivuka pauni 20,000 mpaka 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa uzima inaoongeza basi ilikuwa na kazi ya kujieleza.

Mimi nikajaza minne fasta, maana sikoseli naijua, mdogo wangu anayo, nimeshalala chini wodini namkanda miguu usiku kucha huku yeye kang'ata kanga ya mama asiamshe watoto wa watu.

Jioni roho ikanisuta nikampigia.

"Kaka, miaka yangu minne nikupe wewe?"

"Sio mimi bwana, ni mfano."

"Sitoi. Hata mwezi sitoi." Akacheka, akaniuliza kama nimekula.

Nikafungua Ekseli, penye 0.6 nikaweka 1, na kile kisanduku cha chini cha dawa inaboresha maisha kiasi gani kikageuka sifuri pale pale. Nilikitazama muda mrefu. Yaani kwa vile mtoto anayapenda maisha yake, hesabu inasema ni mzima, dawa itamsaidia nini.

Asubuhi nikampelekea mwezeshaji, wala hakushtuka, akasema wagonjwa wengi wameshazoea maumivu wanajipa alama za juu, ndo maana Uingereza wanachukua alama za wananchi wa kawaida. Nikamuuliza sasa mimi niliyelala wodini ni mwananchi wa kawaida au? Mzee mmoja wa meza yetu akadakia, "Mwanangu andika 0.6 twende chai."

Nikairudisha 0.6. Maandazi tuliyakuta yamepoa.

Jumamosi wakati narudi nikapitia duka la dawa, kwenye ile posho nikatoa hela ya vidonge vyake vya mwezi.