Insha ya Maji Maji na mistari nane

Hii ilikuwa 2014, niko mwaka wa pili chuo, Dar, insha yangu ya historia, ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, imerudi ina mstari mmoja tu wa peni nyekundu: hoja yako iko wapi? Kurasa 14 nimeandika jamani, vitabu vya maktaba nimesoma mpaka vile visivyoazimwi, halafu naulizwa hoja iko wapi. Iliniuma sana. Na nimepewa siku mbili niirudishe.

Usiku ule nikakata hapa nikapesti kule, skroli juu skroli chini, kuja kustuka aya nzima ya Nandete, kile kijiji ambako Wamatumbi walipong'oa pamba mwezi wa saba 1905, haipo. Niliikata, kabla sijaipesti nikakopi kitu kingine, na faili nimeshaseivu nikalifunga. Imeenda hiyo.

Asubuhi nikaenda steshenari jirani na hosteli, kuna dada alikuwa anachapia watu tasnifu. Akaliangalia faili kwenye Word. "Mdogo wangu, vichwa vyako umeviboldi tu? Kompyuta haijui kama hivi ni vichwa, inaona maandishi meusi basi." Akabofya kwenye kichwa cha kwanza, akabonyeza Ctrl na Alt na 1, kikawa hedingi ya kwanza, vile vya ndani akavipa 2, mpaka mwisho. Halafu akafungua autlaini, pale Word inapoonyesha vichwa kwa ngazi zake, akachagua levo ya kwanza peke yake, na kurasa zote 14 zikajikunja zikabaki mistari nane.

Mpaka leo naiona. Ujio wa Wajerumani. Gavana Götzen. Kodi. Kinjekitile wa Ngarambe. Dawa ya maji. Mahenge. Wangoni. Pamba.

Pamba ya nane! Yaani watu wameshakunywa maji ya Kinjekitile, ile dawa waliyoamini itawakinga na risasi, wameshamiminiwa risasi za bunduki za mashine kule Mahenge, ndo naanza kueleza kulazimishwa kulima pamba kulivyowachosha mpaka wakainuka. Dada akanionyesha, shika Alt na Shift, bonyeza mshale wa juu, kichwa kinapanda na aya zake zote zinakifuata nyuma, hakuna kinachobaki njiani. Nikaipandisha Pamba mpaka ikakaa baada ya Kodi.

Kisha tukafungua levo ya pili, na ndani ya Wangoni nikaiona Njaa, kijikichwa kidogo chenye aya moja. Hapo nilinyamaza kwanza. Bibi yangu ni wa Songea, huko huko kwa Wangoni, na alichokuwa anasimulia alivyosimuliwa na mama yake ilikuwa njaa, Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala, watu wakala mizizi, na kweli njaa iliua wengi kuliko risasi. Hoja yangu yote nilikuwa nimeifukia pale. Alt na Shift na mshale wa kushoto, Njaa ikatoka ndani ya Wangoni ikawa kichwa kamili.

Kazi haikuisha hapo maana sasa kila penye "kama tulivyoona hapo juu" palikuwa pameshakuwa chini, ikabidi nisome mstari kwa mstari nirekebishe, na Nandete nikaiandika upya kutoka kwenye daftari.

Saa kumi na mbili jioni dada akauliza, "Umemaliza, mdogo wangu?" Bado dada, niko kwenye Njaa, imeshafika kurasa tatu. Akaniachia kompyuta, akaanza kufagia.