Pedeli ilizama Marangu

Jumamosi nashuka Marangu kwenda Himo na Corolla yangu ya 1994. Nakanyaga breki kwenye kona, pedeli inazama taratibu mpaka chini. Jasho! Nikatia gia namba mbili, nikapampu, nikafika kwa kutambaa.

Moshi mjini fundi akakagua tairi zote: hakuna tone linalovuja, na kikombe cha mafuta ya breki kimejaa. "Masta silinda hiyo kaka, raba za ndani zimekwisha." Ndiyo pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli. Alitaka abadili raba tu, ila nilipopitisha kidole ndani nikagusa mikwaruzo. Nikanunua masta silinda mpya (mtumba kwenye breki? hapana jamani).

Kilichotuchosha ni kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Mimi nakanyaga, yeye uvunguni: "Shikilia... achia!" Sasa pedeli ngumu, inakaa juu. Mama watoto bado anapanda daladala.