Siku moja ya mgombea uenyekiti wa kijiji, Chamwino, Dodoma

Saa 11 alfajiri niko shambani na wanangu, tunasafisha pa kupanda uwele kabla mvua haijaanza. Kampeni za serikali za mitaa ni siku 7 tu, 20 hadi 26 Novemba 2024, kura tarehe 27. Leo Jumamosi.

Saa 3 naoga, nakunywa uji, natoka. Watu wa mbali wakisikia mgombea huwaza magari na fulana. Mimi natembea kwa miguu, spika ya kuazima imefungwa nyuma ya baiskeli ya kijana wangu. Na nafasi yenyewe haina mshahara. Mwajiriwa ni mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti anachaguliwa kwa miaka 5, anaongoza halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na posho hutegemea kama kijiji kina kitu.

Saa 4 kisimani. "Mbukwenyi!" wananisalimia kwa Kigogo. Hapa wananijua. Nilianza kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nikipima watoto uzito na kuwahimiza wajawazito wawahi kliniki. Baadaye nikakabidhiwa daftari la mapato ya maji, na leo nimelibeba. Anayetaka kujua fedha ya dizeli ya pampu ilivyotumika namfungulia ukurasa aone.

Saa 6, jua la utosi, ananisimamisha mzee wa ukoo mkubwa. Shikamoo, marahaba, kisha ananivuta kwenye kivuli cha mkwaju.

"Mama, sisi tuko wengi. Kile kipande cha kule korongoni, ukiingia ofisini uniandikie. Kura zetu zote zako."

Kipande hicho anagombania na mjane, jirani yake, tangu mume wa mama huyo afariki. Namweleza kwamba mgogoro wa ardhi unaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3, na kazi yao ni kusuluhisha. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumpa mtu shamba la mwenzake.

"Mbona wengine huandika?"

Basi ndiyo maana migogoro haiishi, baba. Hasikii. Ananifuata nyumba hadi nyumba. Nikianza kuomba kura, yeye anaanza habari za mpaka: jiwe lilikuwa wapi, nani alilisogeza, babu yake alilima mpaka wapi. Namheshimu, ana umri wa baba yangu, kwa hiyo kila mara nasimama namsikiliza. Koo limekauka, miguu inawaka. Chakula cha mchana kimepita bila kula.

Mkutano tuliutangaza saa 9. Watu wamefika wakiwa wametoka mashambani, jua limeshaegemea. Namaliza kusema, mzee anainuka mbele ya wote, mjane akiwepo.

"Utanisaidia au hutanisaidia?"

"Nikichaguliwa, baba, nitahakikisha baraza linakaa. Uje na mashahidi wako, na mama aje na wake."

Akachukua kigoda chake, ndugu zake wakamfuata, upande mzima wa uwanja ukabaki wazi. Iliniuma sana, maana kura zile nazihitaji. Lakini shamba la mjane si langu kuligawa, wala sitaliahidi kwa mtu.

Saa 12 jioni tunazima spika, sheria ndivyo inavyotaka. Ugali na mlenda nimekula nikiwa nimesimama, hodi ikapigwa: mtoto wa jirani ana homa kali. Nimewasindikiza zahanati, amepimwa, ni malaria, amepewa dawa.

Kesho ni kitongoji cha ng'ambo ya korongo. Wanaishi huko dada zake yule mzee, na nitawapigia hodi kama wengine.