Sega Mega Drive ya kwanza, Lamu: vipuri na marekebisho hadi sasa

Mashine ni Mega Drive, mashine ya michezo ya video ya Sega, toleo la kwanza, ile yenye tundu la hedifoni na kitelezi cha sauti kwa mbele. Taa nyekundu ilikuwa hafifu, na picha ikizima baada ya dakika chache. Hiyo ni dalili ya umeme, kwa hiyo chipu hazikuguswa.

Adapta ndiyo iliyoanza kukaguliwa. Inatakiwa volti 9, ampea 1.2, na hasi iwe katikati ya plagi, ilhali adapta nyingi za madukani zina chanya katikati. Kata waya, geuza nyaya mbili, unga tena, kisha pima: kijiti chekundu cha mita ya umeme katikati, cheusi nje. Mita isome −9. Isipoonyesha alama ya kutoa, usichomeke.

Kuunga moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12 kunawasha mashine, ndiyo, lakini tazama joto. Ndani mna regyuleta 2 za 7805, zinazoshusha umeme hadi volti 5. Kila moja ikipitisha ampea 0.5, volti 9 zinaacha wati 2 za joto. Volti 12 zinaacha 3.5, na bati la kupozea ni lile lile. Humu mguu wa kwanza wa regyuleta, umeme unakoingia, ulisoma 9, na wa tatu, unakotokea, 4.3 badala ya 5. Imekwisha hiyo.

7805 hupatikana kwa fundi redio, kwenye bodi za redio na vikuza sauti vilivyokufa. Dukani angalia unachopewa: 78L05 ni ndogo kama transista na hubeba ampea 0.1 tu, 78M05 hubeba 0.5, na 7905 ni ya volti hasi, miguu yake imepangwa vingine. Inayotakiwa ina bati mgongoni lenye tundu la skrubu. Paka krimu ya kupitisha joto kati yake na bati la kupozea kabla ya kukaza. Bila hiyo hata mpya huzima.

Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi, using'oe za televisheni kuukuu, maana nazo zimekauka. Mpya, za kustahimili joto la 105 °C, ziliagizwa Nairobi, mtaa wa Luthuli. Mzigo ulishuka Mokowe na kuvuka kwa boti. Nakili mikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) zilizoandikwa kwenye bodi yako, kwa kuwa matoleo ya bodi hutofautiana. Volti ziwe sawa au zaidi. Pima na urefu pia, kapasita ndefu huzuia kifuniko. Mstari mweupe kwenye kapasita ni upande wa hasi.

Chumvi ya pwani ndiyo kazi kubwa. Tundu la kuchomekea kaseti ya mchezo lina miguu 64, na kadhaa ilikuwa na ukungu wa kijani. Siki kwenye mswaki laini huyeyusha ukungu huo, kisha suuza kwa maji ya betri (sema maji, usije ukapewa asidi), halafu alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na ukaushe siku nzima. Msasa usitumie: dhahabu ya kwenye kaseti ni nyembamba mno, ikitoka, shaba iliyo chini yake inaoza upya kabla ya kaskazi kwisha.

Sasa mguu wa tatu wa regyuleta mpya unasoma 5.0 na mashine imekaa saa mbili bila kuzima. Kitelezi cha sauti bado kinakwaruza. Mbadala wa saizi yake haujapatikana, hapa wala Mombasa.