Adhuhuri si saa sita

Neno adhuhuri limezoeleka kutumiwa kana kwamba ni jina jingine la saa sita mchana. Watangazaji husema "saa sita adhuhuri", kadi za mialiko huandikwa vivyo hivyo, na msomaji wa mbali haoni tatizo lolote. Huku kwetu Lamu, ambako adhana ndiyo inayougawa mchana (au mtana, kwa Kiamu), neno hili lina upana ambao saa ya ukutani haiwezi kuubeba, nami naona ni hasara kuuacha upana huo upotee.

Adhuhuri limetoka katika Kiarabu, na kwetu ni jina la swala ya rakaa nne pamoja na wakati wake. Wakati huo hauingii jua likiwa utosini, bali linapopinduka, yaani linapokipita kilele na kuanza kuelekea magharibi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, huendelea mpaka kivuli cha kitu kiwe na urefu sawa na kitu chenyewe, ukiondoa kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kileleni. Hapo ndipo alasiri huingia. Kwa hiyo adhuhuri ni kipindi cha saa tatu hivi au zaidi kidogo, wala si nukta moja.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake na asimamishe fimbo ya mita 1 uani. Mwezi wa Juni, wakati wa kusi, jua huwa upande wa kaskazini, na kivuli kifupi kabisa cha mchana hulala kuelekea kusini kikiwa karibu nusu mita. Desemba, kaskazi ikivuma, kivuli huhamia upande wa pili na huwa kifupi zaidi. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua hupita juu ya Lamu hasa, kivuli kikatoweka chini ya fimbo. Katika siku hizo vichochoro vyetu vyembamba, ambavyo kwa kawaida huwa na upande mmoja wa kupumzikia macho, hukosa kivuli pande zote mbili. Kivuli kikichomoza tena upande wa mashariki, hata kama ni upana wa kidole, adhuhuri imeingia.

Saa rasmi ya Kenya nayo hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Lamu iko karibu na nyuzi 41, kwa hiyo kwa wastani jua hufika kileleni kwetu dakika 16 hivi baada ya saa sita. Malindi, iliyo magharibi zaidi, hungoja kama dakika tatu nyingine. Isitoshe, mwendo wa dunia kulizunguka jua hausawazishi siku zote: mwanzoni mwa Novemba jua la Lamu hupinduka karibu na saa sita kamili, na katikati ya Februari hukawia mpaka karibu saa sita na nusu. Mtu akisema "saa sita adhuhuri" mwezi wa Februari, kwa hakika adhuhuri bado haijaingia.

Ndiyo maana mtu wa hapa akikwambia "tuonane baada ya adhuhuri", usiende kumsubiri saa sita na dakika tano. Maana yake ni baada ya kuswali, pengine na baada ya kula, wakati maduka mengi yamefungwa na watu wamejipumzisha, kabla ya alasiri kuwatoa tena barazani. Mimi nikikusudia saa, huandika saa sita mchana. Adhuhuri hukiachia kipindi chake. Siku ya Ijumaa hata hilo hubadilika, kwa sababu swala ya Ijumaa husimama mahali pa adhuhuri, na miadi ya mchana huo huwekwa "baada ya Ijumaa".